Nilikuwa Mtu wa Sabufa

Nilikuwa mtu wa sabufa, tena si ile ndogo ya mezani. Yangu ilikuwa na boksi pana na taa za rangi, ukiiwasha vikombe vya kabatini vinagongana. Jioni nikitoka bandarini, ambako kazi yangu ni kutoa mizigo ya watu, nilikuwa nageuza kitufe cha besi mpaka kigome, halafu ndiyo navua viatu. Muziki kwangu ulikuwa jambo la kifuani. Kifua kisipotikisika, nilihesabu kwamba hakuna kilichopigwa.

Leo sabufa hiyo iko kwa shemeji yangu Chanika. Mimi nasikiliza usiku, kwa hedifoni kuukuu ambayo muuzaji aliniapia kwamba ni mbovu, nimeichomeka kwenye amplifaya ya valvu niliyoiunga kwa mikono yangu. Naandika ushuhuda huu kwa sababu watu wawili watatu wamefika nyumbani, wameona kile chombo kinavyowaka rangi ya chungwa pale mezani, na wote wameondoka na hamu ya kutengeneza cha kwao. Swali lao la kwanza huwa ni valvu gani wanunue. Hilo mimi naliweka la pili. La kwanza ni hedifoni.

Kwenye sabufa niliondolewa na mama mwenye nyumba. Nyumba zetu za kupanga hapa Tabata ukuta wake ni tofali moja, na upande wa pili palikuwa na mtoto mchanga. Mama wa watu hakugomba. Alikaa kwenye kiti, akanywa chai yote, ndipo akasema: "Baba Zuhura, muziki wako mzuri sana. Ila tunausikiliza sote, hata sisi ambao hatukuuomba." Ukiambiwa hivyo na mtu mzima hungoji kuambiwa tena.

Nikahamia kwenye hedifoni, na huko fedha ikawa inatoka kidogo kidogo: elfu kumi na tano leo, elfu thelathini mwezi ujao. Nilinunua kwa macho. Nilitazama rangi, nilitazama jina lililoandikwa ubavuni, nikimwuliza muuzaji swali moja tu: "Ina besi?" Na jibu la Kariakoo kwa swali hilo mnalijua. Zilipiga besi kweli, tena besi tupu, mwimbaji akawa anasikika kana kwamba yuko chumba cha pili. Halafu joto na unyevu wa Dar vikaanza kazi yake. Ile ngozi ya bandia ya kwenye vikombe ilipukutika, nikawa kila nikivua hedifoni nakuta vipande vyeusi vimebaki masikioni na kwenye kola ya shati jeupe la kazini. Waya ukikatikia kwenye shingo ya jeki, ndiyo basi, kwa kuwa imeundwa isifunguke. Droo yangu moja ilijaa maiti za hedifoni.

Kilichonitoa huko ni redio ya marehemu baba, Philips ya valvu, ya sanduku la mbao, iliyokaa kwa shangazi miaka mingi bila kuwashwa. Niliichukua kwa ajili ya ukumbusho tu. Nikaipeleka kwa mzee mmoja fundi redio wa Magomeni, kati ya wale wachache waliobaki ambao wakiona valvu hawacheki. Aliibadilishia kapasita zilizokauka, akasafisha soketi, akaiwasha. Tulisubiri ipate moto. Ilipoanza kusema, ilikuwa ni mtangazaji tu anasoma taarifa ya habari, hata muziki haukuwapo, nami nikajikuta nimeinama kusikiliza. Mzee akanitazama. "Mwanangu, hii haina besi ya kukutisha," akasema. "Ina sauti ya mtu."

Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la kuunga amplifaya ndogo ya hedifoni. Mzee alikuwa na ECC82 kadhaa alizozitoa kwenye vipaza sauti vya zamani. Valvu hiyo ni ya kukuza volti, nguvu ya kusukuma hedifoni haina. Ya kusukuma ilibidi tuiagize kutoka Ulaya Mashariki, ikaja kwa Posta imefungwa kwenye magazeti: 6N13S ya enzi za Wasovieti, ambayo ni ndugu wa 6AS7 ya Wamarekani. Valvu hizo asili yake si muziki. Zilitengenezwa kwa kazi ya kutuliza volti kwenye mitambo, ndiyo maana zinapitisha mkondo mwingi na ukinzani wake wa ndani ni mdogo kuliko wa valvu nyingi. Transfoma ya umeme ilisukwa Gerezani na kijana ambaye kazi yake ya kila siku ni kusuka mota za pampu. Sanduku ni la mninga, juu bati la alumini.

Kitu kimoja tulikiacha kwa makusudi, nacho ni transfoma ya kutolea sauti. Amplifaya nyingi za valvu zina transfoma kati ya valvu na spika, kazi yake ni kuzipatanisha. Transfoma nzuri ya namna hiyo ni ghali, kuisuka kunataka utaalamu ambao hata yule kijana wa Gerezani alikiri hana, na mbaya inaharibu sauti yote. Kwa hiyo sauti yetu inatoka moja kwa moja kwenye valvu, inapita kwenye kapasita, inaingia kwenye hedifoni. Kapasita zenyewe ni zile za viyoyozi, za mikrofaradi 30, nilizonunua kwa fundi wa friji. Mnaocheka, chekeni. Ni kapasita za plastiki ngumu, zimeundwa kustahimili umeme wa ukutani mwaka mzima, na bei yake ni ya chakula cha mchana.

Kabla sijaendelea, neno kwa atakayejaribu. Ndani ya sanduku lile mna volti zaidi ya 150 za mkondo mnyoofu. Ukizima na kuchomoa, kapasita bado zinazishikilia. Mzee alifunga rezista ya kuzinyonya, na hata hivyo kila mara tulipima kwa mita kabla ya kugusa chochote. Akanifundisha na desturi ya mafundi wa zamani: chombo kikiwa na moto, mkono mmoja unafanya kazi, wa pili uko mfukoni, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Kijana asiyeweza kufuata hilo akanunue amplifaya ya dukani.

Basi tukawasha. Nikachomeka hedifoni iliyokuwa nzuri kuliko zote nilizokuwa nazo, ya simu, ya omu 32, iliyonigharimu kuliko transfoma yenyewe. Kwanza ukaja mvumo, mmmm, usiokatika. Muziki ukafuata nyuma yake umechoka. Besi imelegea, haina mpaka, nikipandisha sauti inakwaruza. Nilimtazama Mzee nikidhani atasema valvu ni mbovu. Akasema, "Amplifaya haina ugonjwa. Katafute hedifoni ya omu nyingi, zile za studio za zamani." Akaanza kufungasha vyombo vyake.

Maelezo niliyapata nyumbani. Mke wangu, Mama Zuhura, anafundisha fizikia sekondari, na siku hizo alikuwa akitupita na valvu zetu bila kusema kitu. Usiku ule aliniona nimeshika tama.

"Baba Zuhura, hiyo amplifaya yenu ukinzani wake wa kutolea ni kiasi gani?"

"Mzee anakadiria omu 100."

"Na hedifoni yako?"

"32."

Akachukua risiti ya luku iliyokuwa mezani, akaigeuza, akaandika 32 juu, 132 chini. Amplifaya na hedifoni, akasema, zinagawana volti kama watu wawili wanaokula sinia moja: mwenye omu nyingi ndiye mwenye mkono mrefu. Kwa omu 32, hata robo ya volti haifiki masikioni. Nyingine zote zinaishia ndani ya valvu. Kwa omu 300, robo tatu zinafika. Kwa omu 600, sehemu sita kati ya saba. Halafu akaandika hesabu ya kapasita, hapo nikakaa vizuri. Kapasita ya mikrofaradi 30 pamoja na zile omu 132, za hedifoni na za amplifaya, inaanza kukata besi kwenye hezi 40. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi unalia kwenye hezi 41 hivi. Maana yake ile noti ya chini ilikuwa inafika kwangu imepoteza karibu nusu ya nguvu yake. Kapasita hiyohiyo, kwa hedifoni ya omu 600, haikati mpaka chini ya hezi 8, ambako sikio la binadamu halisikii tena.

"Na kukwaruza?"

"Mnaitaka valvu itoe mkondo isioweza kuutoa. Haya mambo nawafundisha watoto kila mwaka."

Nikamwuliza, mimi na ubishi wangu, kama siwezi kufunga rezista ya omu mia mbili na kitu kwenye waya wa hedifoni yangu ili omu ziongezeke. Ushauri huo nilipewa na watu kadhaa. Akanitazama jinsi anavyowatazama wanafunzi wa nyuma darasani. Rezista itapunguza mzigo kwa valvu, kweli, lakini volti zitakazoongezeka zitaliwa na rezista, na ile kani ya kuizuia membreni isijitikisie ovyo itakuwa imezidi kupotea. Kwa hiyo, hapana.

Kwa nini hedifoni za studio zilikuwa na omu nyingi? Studioni amplifaya moja ilikuwa inalisha hedifoni za wanamuziki wengi kwa pamoja, zimefungwa sambamba. Ukifunga sambamba kumi za omu 600, amplifaya inaona mzigo wa omu 60, haihangaiki. Kumi za omu 32 zingefika omu 3 na ushee, karibu sawa na kuunganisha nyaya mbili tupu. Tena waya mwembamba unaoleta omu nyingi unafanya koili iwe nyepesi. Sennheiser HD 414, ile maarufu ya sponji za njano iliyotoka mwaka 1968 na kufungua njia ya hedifoni zilizo wazi mgongoni, ilikuwa na omu 2,000. Ilizaliwa wakati vyombo vingi vya nyumbani vilikuwa bado na volti za kutosha.

Halafu zikaja redio za kutembea nazo, zikaja simu. Betri ndogo haina volti za kugawa. Kupata miliwati moja kwenye hedifoni ya omu 32 kunataka volti 0.18 tu; kwenye ya omu 600 kunataka 0.77, mara nne na zaidi. Viwanda vikateremsha omu ili simu ziweze, na wala sivilaumu. Koss Porta Pro, iliyoanza kuuzwa mwaka 1984 na bado inatengenezwa, ina omu 60, na kwenye simu sijaona ya kuishinda kwa bei yake. Ila soko likasahau zile za zamani. Mtu anachomeka hedifoni ya omu 600 kwenye simu, anasikia sauti ya mbali, anasema imekufa. Anaitupa kwenye boksi la vitu vya kupunguza bei. Nilipolielewa hilo nilianza kutabasamu peke yangu kwenye daladala, kwa sababu maana yake ni kwamba kile ambacho amplifaya yangu inakitaka ndicho ambacho wenzangu hawakitaki.

Mpya zipo, nisimfiche mtu. Sennheiser HD 600 ya mwaka 1997 na HD 650 ya mwaka 2003 zote zina omu 300 na zimejijengea jina kwenye amplifaya za namna hii. Tangu mwaka 2016 kuna na HD 6XX, ambayo ni HD 650 kwa bei ya chini zaidi, dola 200 hivi ilipotoka. Beyerdynamic wa Ujerumani wana DT 990 Pro ya omu 250, na DT 880 yao imekuwa ikitoka hata ya omu 600. Mtu mwenye uwezo akachukue mojawapo, alale usingizi. Lakini mimi natoa mizigo ya watu, najua kwamba bei ya kitu Ulaya na bei ya kitu hichohicho kikishafika Tabata, kimelipiwa usafiri na ushuru, hazijuani.

Na kuna mtego unaowanasa hata wajuzi: jina moja, omu tofauti. DT 770 Pro utaikuta ya omu 32, ya 80 na ya 250, zote karibu sura moja. AKG K240 ya leo, inayoitwa Studio, ina omu 55. K240 za zamani zilizotengenezwa Vienna zilikuwa za omu 600. Ukimwambia ndugu yako aliyeko Ulaya akuletee "K240" bila kumtajia omu, atakuletea mpya, tena kwa moyo mweupe, na utashindwa kumwambia.

Ndiyo maana nilianza kutembea na mita. Si mita ya maana, ni ile ya manjano ya elfu kumi na tano. Ukiiweka kwenye omu, ukagusisha ncha moja kwenye shina la jeki na nyingine kwenye ncha yake, unasoma upande wa kushoto. Ukisogeza kwenye pete ya katikati, unasoma wa kulia. Mita inasoma ukinzani wa mkondo mnyoofu, ambao kwa kawaida uko chini kidogo ya omu zilizoandikwa, lakini kwa dukani inatosha. Pande mbili zikikaribiana, koili ni nzima. Mita isiposoma kitu upande mmoja, waya umekatika au koili imeungua, na hapo unaamua kama ni waya unaoweza kuushona.

Wauzaji wa mtumba wa vyombo pale Kariakoo wakanizoea. Mwanzoni walinishangaa.

"Bosi, hiyo unafanya nini?"

"Napima."

"Hedifoni haipimwi bosi, inasikilizwa."

Alikuwa na haki, ila kwa simu yake asingenisikilizisha kitu. Nikapima iliyokuwa juu, ya kung'aa: 30. Ya pili, 31 kushoto, kulia kimya. Ya tatu, 60 na ushee. Chini kabisa, imezongwa na chaja, kulikuwa na moja ya mitindo ya kale: juu ina nyuzi mbili ngumu zilizopinda, chini yake mkanda wa ngozi unaojivuta wenyewe kufuata kichwa, na jeki nene ya milimita 6.35. Maandishi ubavuni yamefutika, imebaki "K 2" na alama ya kiwanda. Nikagusisha mita. 589. Upande wa pili, 592.

Nilijitahidi uso usibadilike.

"Hiyo achana nayo bosi, mbovu. Haina sauti. Nimeijaribu mwenyewe kwa adapta."

"Waya wake nauhitaji," nikamwambia, na uongo huo Mungu anisamehe. Akataka elfu arobaini. Tukamalizana kwa ishirini na tano, akanitupia na ile adapta.

Sponji zake zilikuwa zimekufa, zimekuwa unga. Nilizibadilisha kwa za kitambaa, sitaki tena ngozi ya bandia masikioni mwangu. Vikombe nikavisafisha kwa brashi ya rangi. Hedifoni hii inafunguka kwa bisibisi, kila kitu ndani unakiona, na kama waya ukikatika unaukata, unaurudisha na kuulehemu, kazi ya nusu saa. Nikawasha amplifaya, nikaiacha dakika moja ipate moto ndipo nikachomeka, kwa kuwa zikianza kujaa umeme kapasita hizi zinatoa mshindo, na mshindo huo si wa kuusikilizia sikioni. Mvumo ulikuwa umebaki kidogo sana. Nusu yake Mzee alikuwa ameshaimaliza kwa kuzisokota pamoja nyaya za moto wa valvu na kuzibana kwenye kona ya sanduku. Nusu nyingine ilitoweka kwa sababu hedifoni hii si nyepesi kuitika kila kitu, zile za simu zinaitika hata kisichoimbwa.

Nilianza na Mbaraka Mwinshehe, kwa kuwa nyimbo zake nilidhani nazijua. Kwa sabufa nilikuwa najua gitaa lake la solo na besi. Sasa nikasikia kwamba kuna gitaa jingine kati, linakata vipande vifupi vifupi wakati wote, halisimami, na ndilo linalowabeba wengine. Besi ilikuwepo, na tena nyingi, ila ilikuwa ni mtu anapiga uzi, anauachia, anaushika tena. Nikahamia Culture Musical Club ya Zanzibar: fidla zinaingia pamoja, na ganuni inanyunyizia juu yake, kila ukucha unagusa uzi wake. Mama Zuhura akaomba. Akavaa, akasikiliza wimbo mzima wa dansi tuliouchezea siku ya harusi yetu, akavua. "Kumbe wanaoitikia ni wanne," akasema. "Siku zote nilihesabu wawili."

Nisitie chumvi. Amplifaya ndogo ya kisasa ya transista, ya bei ya kawaida, inaishinda yangu kwa kila kipimo cha maabara: haina mvumo, haichafui sauti, haili umeme. Nyuzi za moto za ile valvu kubwa peke yake zinakula karibu wati 16 kabla muziki haujaanza, na mwezi wa pili hapa Dar hakuna anayehitaji jiko la pili chumbani. Hedifoni yenyewe iko wazi nusu mgongoni, kwa hiyo sauti inatoka na kelele zinaingia. Feni ikiwa namba tatu, huisikilizi ganuni. Nimejifunza kusikiliza baada ya saa nne, feni iko namba moja, bodaboda wamepungua. Anayeishi kando ya barabara atafute ya kufunga sikio lote, kama DT 770 Pro, lakini ile ya omu 250.

Kilichobadilika kwangu ni usikilizaji. Zamani muziki ulikuwa unapigwa nikiwa nafanya jambo jingine. Sasa nakaa, nasikiliza kaseti upande mmoja hadi mwisho, nazima. Na sauti naiweka chini. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila kuyahatarisha masikio. Enzi za sabufa nilikuwa nalala masikio yanalia, na nilidhani ndiyo dalili ya chombo kizuri. Droo ya maiti nimeifunga. Tangu hedifoni hii iingie ndani sijanunua nyingine, na Zuhura, ambaye yeye ni wa Bongo Fleva na simu yake, ameshaanza kuuliza omu kabla ya rangi.

Kwa hiyo kwa wale walioniuliza. Kama amplifaya yako ya valvu ina transfoma nzuri ya kutolea sauti yenye tundu la omu ndogo, hedifoni yoyote unayoipenda inafaa, endelea na maisha. Kama haina, kama yangu, usishuke chini ya omu 250, hata upewe jina gani na bei gani. Nunua mita kwanza, ndipo hedifoni. Tazama kama inafunguka kwa bisibisi na kama waya wake unabadilika. Halafu nenda kwa wauzaji wa mtumba, pita zile zinazong'aa, na uwaombe wakuonyeshe zile wanazosema hazina sauti.